RAFIKI MWENYE NGOZI YA CHUI
Juu ya hadithi za mapendo kati ya watu wanaogeuka nyama

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona neno hili katika jarida la seminari. Watasema: Sisi tuna Maandiko, tuna teologia, tuna kazi za parokia, hadithi za wasichana na mbwa-mwitu zatuhusu nini? Tunawajibu hivi: zinatuhusu kwa sababu zinasomwa, tena kwa sababu zinashika mambo mawili ambayo kila padri na kila katekista anakutana nayo kila juma, ndiyo ndoa na woga wa ulozi. Kitabu kinachoshika mambo hayo yote mawili hakifai kutupwa kabla ya kufunguliwa, wala kumezwa kabla ya kutafunwa.

Tueleze kwanza tunasema juu ya nini. Katika Marekani na Ulaya, zaidi tangu mwaka 2005, wametoka waandishi wengi wanaotunga masimulizi ya mapendo ambamo mpenzi mmoja, au wote wawili, ana umbo la pili. Mchana ni mtu, usiku ni mbwa-mwitu, au simba, au dubu. Tawi moja la masimulizi hayo linapendwa sana: mwanamume na mwanamke waliokuwa marafiki tangu utoto, wote wawili wa ukoo unaogeuka, wanafahamu wakiwa wakubwa kwamba urafiki wao umekuwa mapendo ya ndoa. Vitabu hivyo vilitafsiriwa kwa Kifaransa, na kwa njia ya Kifaransa na ya telefoni vinaweza kufika katika mikono ya vijana wetu.

Sisi tunataka kuvipima Masako. Msitu wa Masako uko karibu kilometa 15 toka Kisangani, kwa barabara ya zamani ya Buta, katika kizingo cha mto Tshopo. Ulitengwa na serikali mwaka 1953, nao una hekta 2105. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanakwenda huko kujifunza miti na kukamata panya wa pori ili wawapime. Kando ya msitu kuna vijiji vya Wakumu na vya watu wengine waliokuja kulima, kuwinda na kuchoma makala. Mtu wa huko hahitaji kuelezwa pori ni nini. Basi neno moja linabadilika uzito kadiri ya fasi linaposemwa. Katika Paris, kusema juu ya mtu kwamba aliingia porini akageuka chui ni mchezo. Katika kijiji cha kando ya pori, neno hilo hilo ni mashitaka, na mtu anaweza kulipa kwa nyumba yake au kwa roho yake. Ndiyo sababu tunachagua fasi hiyo kuwa mzani wetu.

I. MBWA-MWITU WA MAREKANI

Tuchukue kitabu kinachojulikana kupita vyote vya namna hiyo. Mwandishi ni Stephenie Meyer, Mmarekani, aliyetoa vitabu vinne toka 2005 mpaka 2008. Kwa Kifaransa vinaitwa Fascination, Tentation, Hésitation na Révélation. Wengi wanajua sinema zake kuliko maandishi yake. Msichana Bella anakuja kukaa na baba yake katika mji mdogo wa Forks, fasi ya mvua na miti mikubwa. Anampenda Edward, ambaye ni mfu anayeishi kwa damu. Lakini yuko pia Jacob, mwana wa rafiki ya baba yake, aliyecheza naye walipokuwa watoto. Jacob ni wa kabila la Waquileute, na katika kitabu cha pili anageuka mbwa-mwitu.

Sehemu bora ya kazi yote, kwa maoni yetu, ni ile ambamo Edward amemwacha Bella, naye Bella anakaa kama mgonjwa. Jacob hamletei maneno matamu. Wanachukua pikipiki mbili zilizokufa, wanakaa pamoja siku nyingi kuzitengeneza. Hapo mwandishi ameona kweli moja: urafiki wa tangu zamani unaponya kwa kazi ya mikono na kwa kukaa karibu, bila hotuba. Ingefaa kila anayefunga watu ndoa asome kurasa zile, ajiulize kama wachumba walioko mbele yake wamekwisha kufanya kazi yo yote pamoja.

Lakini baadaye mwandishi anavunja alichojenga. Anatunga sheria kwamba mbwa-mwitu akimtazama mwanamke fulani mara moja, anafungwa naye milele bila kutaka kwake. Kwa sheria hiyo, Sam, mkubwa wa kundi, anamwacha Leah aliyekuwa mpenzi wake, anamfuata Emily, ndugu wa Leah. Tena siku moja kwa hasira Sam anageuka karibu na Emily, anampasua uso. Emily anabaki naye. Kisha Leah mwenyewe anageuka mbwa-mwitu, anaingia kundi moja na Sam. Na kwa kuwa wanaogeuka wanasikia mawazo ya wenzao, ni lazima kila siku asikie moyo wa yule aliyemwacha. Na Jacob naye mwishoni anafungwa na mtoto mchanga wa Bella.

Tuseme wazi. Habari ya Leah ingaliweza kuwa habari kubwa. Watu wawili waliojuana tangu ujana, wenye umbo moja, wenye mawazo yasiyoweza kufichwa: hapo kuna maumivu ambayo hata watakatifu wangeyaheshimu. Lakini mwandishi anapita haraka, anamfanya Leah kuwa mwanamke mwenye uchungu ambaye wenzake wamechoka naye. Anatuomba tumhurumie Sam kwa sababu hakuchagua. Sisi tunakataa. Sheria ya Kanisa inasema ndoa inafanyika kwa mapatano ya hiari, wala hakuna mamlaka ya mtu inayoweza kuweka kitu kingine badala yake. Mapendo yasiyochaguliwa yanaweza kuwa dhoruba au ugonjwa. Ahadi hayawezi kuwa. Na uso uliopasuliwa, ambao msomaji anaombwa kuuhesabu kuwa alama ya mapendo makubwa, mapadri wetu wameuona mara nyingi mno katika barza za parokia. Mume aliyepiga husema kila mara: haikuwa mimi, ilikuwa hasira. Kitabu kinachompa mume huyo ngozi ya mbwa-mwitu ya kujifichia kinafanya kazi mbaya, hata kama kimeandikwa kwa utamu.

II. NENO LA WAZEE

Hadithi za kwetu hazikungoja Marekani ili kusema juu ya mchumba mwenye umbo la pili. Moja inasimuliwa katika makabila mengi, toka pwani mpaka misitu ya Kongo, kila kabila kwa nyama wake. Tuikumbushe kwa ufupi.

Kulikuwa binti mzuri aliyekataa wachumba wote. Huyu mfupi, yule maskini, huyu nimemjua tangu tulipokuwa tunaoga mtoni. Siku moja akaja mgeni asiye na kovu hata moja mwilini. Binti akasema: Huyu ndiye. Wazazi wakauliza: Kwao ni wapi? Hakuna aliyejua. Akaolewa, akafuata bwana wake njiani mwa pori, na nyuma yao akajificha mdogo wake, mtoto mwenye upele ambaye dada yake aliona haya kutembea naye. Usiku mtoto hakulala. Akaona shemeji yake na ndugu zake wanavaa manyoya na mikia, wanaimba wakingoja nyama inone. Ndiye yule mwenye upele aliyetafuta njia ya kumrudisha dada yake nyumbani.

Watu wengi wanaifasiri hadithi hii vibaya. Wanasema inafundisha binti atii wazazi tu. Lakini tutazame nani anaokoa. Baba haokoi, mama haokoi, wala shujaa toka mbali. Anaokoa yule aliyemjua tangu mwanzo, aliyedharauliwa kwa sababu alijulikana sana. Upele wake unaonekana, na kwa sababu unaonekana hakuna hatari ndani yake. Uzuri wa mgeni hauna kovu, na hiyo ingetosha kumwogopesha binti mwenye akili, kwani ni nani aliyekua porini bila kovu?

Hapa hadithi ya wazee na hadithi mpya ya marafiki wanaogeuka zinakutana, ijapo zinaanza mbali. Ya wazee inasema: yule usiyemjua anaweza kuwa nyama. Hadithi mpya, ikiandikwa vema, inasema: yule unayemjua anaweza kuwa nyama, nawe unamjua hata hivyo. Katika ya kwanza umbo la pili ni udanganyifu. Katika nyingine ni siri iliyogawanywa. Shabaha ni moja, maana zote mbili zinauliza: Umemwona mwenzako kabisa kabla ya kumpa mkono? Swali hilo ni jema kuliko maswali mengi ya karatasi za uchumba.

Lakini mzee wa kwetu angeongeza swali jingine, ambalo waandishi wa Marekani hawaliwazi. Katika makabila mengi ya Kongo, nyama ni alama ya ukoo. Ukoo una nyama wake wa mwiko, hawamli wala hawamwui bila sababu, na watoto wa ukoo mmoja hawaoani. Ukimwambia mzee kwamba kijana na msichana wote wawili ni chui, wa kundi moja, waliolelewa pamoja, naye atauliza: Basi si kaka na dada? Kwa yeye hadithi hiyo haifikii mapendo. Inasimama kwenye mwiko. Msomaji wa kwetu ana haki ya kuona ugumu huo, na mwandishi wa kwetu atakayejaribu habari hii siku moja atapata humo matata ya kweli kuliko yale ya kubuni.

III. WALIOTANGULIA KUANDIKA

Tusiseme kwamba jambo hili haliandikiki vema. Katika karne ya 12 mwanamke aitwaye Marie de France aliandika kwa mashairi habari ya Bisclavret. Ni bwana mkubwa mwenye bibi anayempenda. Siku tatu kila juma anapotea. Bibi anambembeleza mpaka anaungama: anakuwa mbwa-mwitu, tena bila nguo zake hawezi kurudi kuwa mtu. Bibi anashikwa na woga, anamwita askari mmoja aliyemtamani zamani, nguo zinaibwa. Mume anabaki porini. Siku moja mfalme anawinda; mbwa-mwitu anamkaribia, anabusu mguu wake. Mfalme anasema nyama huyu ana akili, anamchukua nyumbani kwake. Mwishoni nguo zinapatikana, na mfalme anamkuta mtu wake amelala kitandani.

Uone hekima ya mwandishi. Yule aliyejua siri alisaliti. Yule asiyejua siri alitunza, kwa sababu alimhukumu kwa mwenendo. Tena mwandishi hatuonyeshi kugeuka kwenyewe. Mfalme anashauriwa kumwacha peke yake chumbani, kwa kuwa ni haya kubwa kwa mtu kuvua unyama mbele ya macho ya watu. Vitabu vya leo vinatumia kurasa nyingi juu ya mifupa inayovunjika na manyoya yanayotoka. Marie alifunga mlango, na nyuma ya mlango ule kuna heshima ya mtu.

Kwa Kiswahili tunaye Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962. Kitabu chake Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Adili anasalitiwa na ndugu zake Hasidi na Mwivu, wanamtupa baharini; Huria, jini aliyemtendea mema zamani bila kujua yeye ni nani, anamwokoa, na wale wawili wanageuzwa manyani. Kisha Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga, halafu analia, anawalisha kwa mkono wake. Hakuna mapendo ya ndoa katika mandhari hiyo, lakini kuna kitu ambacho waandishi wa mbwa-mwitu wangeweza kujifunza. Umbo la nyani halikufuta undugu. Adili anaona ndani ya nyani ndugu yake, naye hamwiti nyani. Majina ya watu ni mazito, tunakubali: kila mtu anaitwa kwa tabia yake, Mwivu hawezi kuwa ila mwivu, na hapo mafundisho yanashinda uhai. Lakini machozi yale ya usiku ni kweli.

IV. WATU-CHUI WALIOKUWAKO

Tumefika kwenye sehemu ambayo hatuwezi kuipita kwa mchezo. Katika mkoa wetu wa zamani, hadithi ya rafiki anayegeuka chui ilitoka mdomoni ikaingia katika matendo.

Wababali wa upande wa Bafwasende na Wamba walikuwa na watu walioitwa anioto. Upande wa Beni walisema vihokohoko. Walikuwa watu waliofungwa pamoja kwa kiapo na kwa siri, wenye kuvaa nguo ya gome iliyotiwa madoa, wenye kucha za chuma, tena wenye fimbo iliyochongwa mwishoni mfano wa unyayo wa chui ili kupiga alama chini. Asubuhi watu wakikuta maiti na nyayo, wanasema: ni chui. Wanahistoria wanaochunguza habari hizo wameonyesha kwamba mara nyingi nyuma ya mauaji kulikuwa ugomvi wa uchifu na wa mamlaka, uliozidi wakati wa utawala wa Wabelgiji. Waliopigwa zaidi walikuwa wanyonge walioko njiani, akina mama wanaokwenda shambani au mtoni. Serikali ya kikoloni ilishitaki wengi, na katika miaka ya 1930 wengine walinyongwa.

Uzuri wa kule Ituri unajulikana pia. Wavulana waliotahiriwa pamoja katika nkumbi wanaitana kare. Mbambuti na mwana wa mwenye shamba, waliotokwa damu siku moja, wanakuwa kare, wanadaiwa kusaidiana mpaka kufa. Ni urafiki wa maisha yote, tena wenye sheria. Hatusemi kare ni anioto. Kusema hivyo ni kuwatukana wazee. Tunasema kwamba kitu kile kile, yaani vijana wanaofungwa pamoja kwa damu na siri, kinaweza kulea mtu, na kinaweza kufanya genge. Tofauti iko katika ngozi. Kare anabaki na uso wake. Anayemdai kitu anajua nyumba yake. Mtu-chui amevaa uso mwingine ili pasiwepo anayeweza kudaiwa. Basi, kila mara tusomapo hadithi ya marafiki wanaokimbia pamoja usiku katika umbo lisilo lao, sisi wa upande huu hatuwezi kusahau kuuliza: Je, na yule waliyekutana naye njiani?

Wazungu nao walifanya sanaa na jambo hilo. Mwaka 1913 Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui anayemwinamia mtu aliyelala, ikawekwa katika jumba la Tervuren, Ubelgiji. Hergé akaichukua kwa picha zake za Tintin katika Kongo, zilizoanza kutoka mwaka 1930. Watoto wa Ulaya wakajifunza kwamba Mkongo ni mtu ambaye chini ya ngozi yake kuna chui. Mwaka 2002 Chéri Samba, mchoraji wetu wa Kinshasa, alichora picha ya watu wanaovutana kwa kamba: Waafrika wanavuta sanamu hiyo itoke nje, Wazungu wanaivuta ibaki. Jumba lilipofunguliwa tena mwezi wa Desemba 2018, sanamu ilikuwa imeondolewa katika fasi yake ya zamani, imewekwa pamoja na nyingine ambazo hazionyeshwi tena kwa sifa.

Waquileute nao wanajua habari hiyo. Ni watu wa kweli, wanakaa La Push, karibu na bahari, nao wana mapokeo yao ya kale juu ya mbwa-mwitu na asili yao. Mwandishi wa vitabu tulivyotaja aliyachukua, akayachanganya na mambo aliyoyabuni mwenyewe. Baadaye ilibidi jumba la makumbusho la Burke, katika mji wa Seattle, lifanye kazi pamoja na Waquileute kueleza lililo kweli na lililotungwa. Wababali na Waquileute hawakuonana kamwe. Lakini wote wawili wameandikwa na wengine kuwa nyama. Msomaji wa Masako anayefurahia kitabu hicho ajue kwamba kijana mzuri anayegeuka ndani yake si mgeni kabisa kwa ile sanamu ya Tervuren.

V. JE, MTU ANAGEUKA?

Kijana katika darasa la katekisimu atauliza, naye ana haki ya kupata jibu. Wakubwa wetu walijibu zamani. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 18 cha Mji wa Mungu, anasema juu ya hadithi alizozisikia Italia, za wanawake wenye nyumba za wageni waliowapa wasafiri jibini na kuwageuza nyama wa kubeba mizigo. Anataja pia mtu aliyelala usingizi mzito, akaota amekuwa farasi na kubeba chakula cha askari. Agostino hacheki watu wanaosimulia, lakini anakata neno: pepo hawana uwezo wa kubadili tabia iliyoumbwa, wanaweza kudanganya macho na ndoto tu. Sheria ya kale iitwayo Canon Episcopi, tunayoipata kwa Regino wa Prüm karibu mwaka 906, na ambayo Gratianus aliiweka katika mkusanyo wake karibu mwaka 1140, ilisema kwa ukali zaidi: anayesadiki kwamba kiumbe kinaweza kugeuzwa kuwa kiumbe kingine na mwingine kuliko Muumba, huyo yuko nje ya imani.

Wapo mapadri wanaodhani kwamba kusema hivyo ni kudharau watu wa kijiji. Sisi tunaona kinyume. Mamba akikamata mtu mtoni, na kijiji kikauliza ni nani aliyemtuma, mara nyingi jibu linamwangukia mjane mzee au mtoto yatima. Miji yetu, Kisangani nayo, imeona watoto wengi waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Hata sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ililazimika kukataza mashitaka ya namna hiyo. Jibu la Agostino ni paa juu ya kichwa cha yule bibi kizee. Mkatekista anayeliacha kwa sababu ya haya, au kwa kupenda kusimulia miujiza ya giza, anabomoa paa hilo.

VI. HUKUMU YETU

Tukusanye maneno.

Kwanza, kwa upande wa sanaa: masimulizi ya mapendo ya watu wanaogeuka si lazima yawe mabaya. Umbo la pili ni mfano mzuri wa lile ambalo kila mtu anaficha: hasira, ugonjwa, aibu ya ukoo, tamaa. Na habari ya marafiki wa tangu utoto ndiyo tawi bora la mti huo, kwa sababu inaondoa udanganyifu. Mwandishi akishika hapo, atatuonyesha watu wawili wanaojuana vibaya na vizuri, wanaochagua hata hivyo. Akileta sheria ya damu inayochagua badala yao, ameua habari yake kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, kwa upande wa mwenendo: kitabu kinafaa kuhukumiwa kwa uso wa Emily na kwa maumivu ya Leah kuliko kwa busu za mwisho. Tuulize daima nani analipa ili wapenzi wawe na furaha. Hadithi ya wazee haikusahau. Ilimpa mwenye upele fasi ya kwanza.

Tatu, kwa upande wa fasi: kinachosomwa kama mchezo mjini kinaweza kusikiwa kama ushuhuda kijijini. Hatutaki kwa sababu hiyo vitabu vichomwe, wala telefoni za vijana zipekuliwe. Kitabu kilichokatazwa kinasomwa usiku, bila mtu wa kuuliza swali. Tunaomba jambo gumu kidogo: katekista akusanye vijana wake, awaache wasimulie hicho walichosoma, halafu amwite mzee mmoja asimulie habari ya binti aliyekataa wachumba. Kisha wote waulizwe: Kati ya Jacob, Sam, mgeni asiye na kovu, na mtoto mwenye upele, nani ni rafiki? Wavulana waulizwe pia: Ukipiga mke wako ukasema haikuwa wewe, basi alikuwa nani? Na mwishoni katekista aseme bila kutetemeka kwamba katika pori la Masako chui ni chui na mtu ni mtu, na kwamba mama mzee anayekaa peke yake mwisho wa kijiji hatoki usiku katika ngozi yo yote.

Wanaseminari nao tunawapa kazi. Lugha yetu ina hadithi za kugeuka nyingi kuliko za Wamarekani, lakini vitabu vichache. Anayerudi kwao wakati wa likizo achukue daftari, aandike kama wazee wanavyosema, na jina la kijiji na la kabila, bila kupamba. Siku moja atatokea mmoja wao atakayeandika habari ya marafiki wawili wa kando ya Tshopo, wenye siri moja, na swali la ukoo mbele yao, na mama anayepita njiani na mzigo wa mihogo ambaye ni lazima afike nyumbani salama. Kitabu hicho tutakinunua, na kukisoma mezani.